Nani Atatupokea Mzigo

Nyumba yetu ya Rissne, huku Uswidi, haikuwa na msumari hata mmoja ukutani. Wageni waliingia, wakavua viatu, wakatazama kuta tupu, kisha wakauliza kwa adabu kama ndiyo kwanza tumehamia. Nilikasirika kila mara. Tulihamia pale binti yetu Gaëlle akiwa chekechea, na mwaka ninaousimulia, 2006, alikuwa na miaka kumi na miwili na viatu vyangu vilimkaa sawasawa. Picha ya harusi yetu iliegemea ukuta juu ya friji. Saa ya ukutani ililala chali juu ya kabati, ukitaka kuisoma unainama. Mume wangu Alphonse alikuwa na sababu yake: mtu hatoboi ukuta wa nyumba anayoihama.

Nyuma ya mlango wa kuingilia yalisimama masanduku matatu. Ndani yake mlikuwa na shuka mpya, chupa za chai, sufuria ya presha, kamusi mbili nene, na koti la sufi ambalo Alphonse alimnunulia mama yake. Mama alifariki kabla koti halijapata msafiri wa kulipeleka, na Alphonse hakulitoa sandukuni. Gaëlle alijigonga kidole cha mguu kwenye masanduku yale kila alipokimbilia shule, akatukana kwa Kiswidi. Baba yake alijifanya Kiswidi hakisikii.

"Tunarudi mwakani," alikuwa akisema. Aliwaambia watu wa kanisani, akawaambia wenzake wa kiwanda cha malori kule Södertälje, alikofunga bolti baada ya miaka mingi ya kufundisha Kifaransa sekondari pale Butembo, kwetu Kongo. Alipenda kulisema kwa Kifaransa, *nous rentrons l'année prochaine*, na alilisema kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu. Kila mwaka ulipokwisha, mwakani nayo ilisogea mbele kidogo, naye akalisema vilevile. Mwaka ule Kongo ilikuwa na uchaguzi. Redio haikuzimwa nyumbani mwetu, na Alphonse akazidi kuwa na uhakika. Kura zikihesabiwa tu, sisi hao.

Mimi nilikuwa nasafisha maofisi mjini. Mwezi wa Novemba nilipigiwa simu na shule ya watu wazima: nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa, mwaka mmoja na nusu, kuanzia Januari. Nitoe jibu kabla ya sikukuu ya Lusia, katikati ya Desemba. Nilicheza peke yangu jikoni, mwiko mkononi. Jioni nilipomwambia Alphonse, alisikiliza hadi mwisho, maana adabu anayo, kisha akasema, "Mwaka moja na nusu? Mama Gaëlle, si tuko narudia? Utaachia masomo katikati, bazungu baseme nini?"

Kubishana na Alphonse juu ya kurudi ilikuwa kubishana na mama yake kaburini, na nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, na wanafunzi wake wote waliokuwa wakisimama akiingia darasani. Kule Södertälje hakuna aliyesimama akiingia. Nilijua nikisema "mimi sirudi", yeye atasikia "mimi sikupendi." Lakini nafasi ile niliitaka, nyie. Niliitaka hadi usingizi ukanipotea, na siku zilikuwa zinakwisha.

Wakati huohuo ndipo Hedvig alipoingia nyumbani kwetu.

Aliletwa na Mzee Juvénal. Juvénal alikuwa Mrundi, mjane, karani wa posta wa zamani, anakaa Spånga, na kila Jumamosi alikuja kula sombe yangu ya majani ya mihogo akisingizia kwamba anamtembelea Alphonse. Alikutana na Hedvig baada ya misa ya Kifaransa. Hedvig alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Mswidi mrefu mwenye aibu, na alikuwa anaandika kitabu cha shahada ya udaktari.

"Anachunguza nini?" nilimuuliza Juvénal kwenye simu.

"Kesho," akasema kwa sauti ya chini.

"Atakuja kesho?"

"Hapana, mama. Anachunguza kesho yenyewe. Watu wanaosema Kifaransa wakiwa kwenye maongezi yao, wanayasemaje mambo ambayo bado hayajafika? Anataka kutusikiliza tukiongea, basi."

"Na kwa kazi hiyo analipwa?"

"Analipwa."

"Nchi hii," nikasema, nikaongeza maji kwenye maharage.

Jumamosi ile ya kwanza nikiikumbuka bado nacheka peke yangu kwenye treni. Alphonse alivaa tai. Juvénal alikuja na suti ya msibani, nywele kazipaka mafuta. Hedvig akaweka kinasa sauti katikati ya meza, taa nyekundu ikawaka, akatuomba tuongee tu kama kawaida yetu, chochote, kana kwamba yeye hayupo. Kisha Juvénal akanyoosha mgongo, akatazama mbele, akaanza kwa Kifaransa safi: jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa, mwaka alioondoka Bujumbura, njia aliyopitia, mpaka aliovuka, nani alikufa wapi. Alipomaliza akainamisha kichwa, na Alphonse akapokea kijiti: jina lake, jina la baba yake, Butembo, barabara, usiku ule. Nami ilipofika zamu yangu, mniamini, nilifanya vilevile. Niliisema habari yangu yote kwa mpangilio bila kukosea tarehe.

Hedvig alikuwa amekuwa mwekundu. Akauliza kwa upole, "Na kesho? Kesho mnafanya nini?"

"Kesho," akasema Mzee Juvénal, "niko tayari kujibu maswali mengine."

Hapo nikashindwa. Nilicheka hadi nikashika meza. Ilibidi nimwelezee yule binti kwamba sisi sote watatu tulishawahi kukaa mbele ya taa nyekundu kama ile, katika ofisi ya uhamiaji, na pale mtu huulizwa alikotoka tu. Habari zetu tulizikariri ili zisije zikabadilika siku ya pili. Mdomo ukiona kinasa sauti, unaanza wenyewe.

Hedvig akatoa macho. Akaomba radhi kwa Kifaransa, kwa Kiswidi, tena kwa Kifaransa. Nikamwambia, "Mwanangu, acha kuomba radhi. Kitoe hicho kidude mezani, kiweke nyuma ya kopo la unga. Halafu osha mikono, uje uchambue maharage. Huku mtu asiye na kazi mkononi hafai kuongea naye."

Basi ikawa hivyo. Jumamosi zilizofuata alikaa jikoni kwetu mikono ikiwa ndani ya bakuli, na sisi tukasahau. Nje giza lilikuwa linaingia mapema, madirisha yanatoa jasho kwa mvuke wa masufuria, Juvénal na Alphonse wanabishana juu ya kura na juu ya nani alipika vizuri kati ya wake za mapadri wa zamani, ambao bila shaka hawakuwapo. Tulikula kwa kuchelewa na kwa kelele. Sasa nina jiko kubwa lenye feni ya kuvuta moshi, na hakuna anayegombana ndani yake. Ninazitamani Jumamosi zile kiasi cha kuumwa.

Hedvig alitueleza alichokuwa anakitafuta. Kwa Kifaransa, alisema, mtu ana njia kama tatu za kulisema jambo lijalo. Kuna umbo lenyewe la kitenzi, lile la vitabuni. Kuna ile ya kutanguliza kitenzi cha kwenda, ukasema "ninakwenda kupika." Na kuna kusema tu kwa wakati uliopo, "kesho napika", kana kwamba sufuria iko motoni. Vitabu vinagawa vizuri, hili la karibu, lile la mbali. Ila watu wakiwa kwenye maongezi hawafuati vitabu, na yeye alitaka kujua wanafuata nini.

"Bafuate kitabu," Alphonse akasema. Alikuwa ameumia kama mwalimu. "Mimi nimefundisha hiyo kanuni. La karibu, unatanguliza kwenda. La mbali, unatumia umbo lake. Wanafunzi wangu hawakukosea."

Hedvig akatabasamu ndani ya maharage. Akasema kwa heshima kubwa kwamba yeye amemsikiliza mwalimu kwa majuma kadhaa. Jumanne ijayo Gaëlle ana miadi ya meno, na mwalimu alipoitaja alitumia umbo lile refu la vitabuni, kana kwamba miadi iko karne nyingine. Kiwanda kinataka kumhamishia zamu ya asubuhi mwezi ujao, naye alilisema hilo vilevile, kwa mbali. "Lakini kurudi Butembo," akasema, "siku zote unakusema kwa wakati uliopo. Mnarudi. Kila Jumamosi mnarudi."

Juvénal akaguna. Alphonse akaondoka kwenda kuongeza sauti ya redio.

Mimi niliendelea kukata vitunguu, na machozi yalipotoka nilikuwa na kisingizio. Hedvig hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza kazi yake. Lakini nilijiona jinsi nilivyoishi miaka ile. Kila kilichotuhusu hapa Rissne kilikuwa mbali: meno ya mtoto, zamu, mapazia, masomo yangu. Na kule ambako hatukuwapo ndiko tulikokuwa kila siku. Nilitaka kumpigia Alphonse kelele. Nikakata vitunguu vyote vilivyokuwamo ndani, hata vile visivyohitajika.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Lusia Hedvig alikuja na zoezi. Juvénal alikuwa na mafua, hakuja. Gaëlle alikuwa kwenye mpira wa mikono. Zoezi lilikuwa la watu wawili: mimi na Alphonse tupange safari pamoja, yoyote tunayotaka, tangu kutoka mlangoni hadi kufika, na tupange kweli, nani anafanya nini, lini, kwa chombo gani.

"Safari yetu inajulikana," Alphonse akasema.

"Basi tuipange," nikasema. Siku zangu za kutoa jibu zilikuwa zimebaki chache, na nilikuwa na hasira, lakini nilikaa. Katika miaka yote ya kusema tunarudi, sisi wawili hatukuwahi kukaa chini tukaipanga.

Alianza vizuri. Macho yalimwaka. Tutapanda ndege hadi Entebbe. Kampala tutalala kwa ndugu yake Severin. Asubuhi basi la kwenda mpakani, Kasindi, kisha gari dogo, Beni, halafu ule mpando. Alitaja vilima kimoja kimoja. Alitaja mahali dereva husimama watu wanunue maparachichi, na baridi inavyoanza kuingia dirishani, na vumbi lile jekundu, na harufu ya moshi wa mikaratusi. Alisema tutafika saa za alasiri, jua likiwa upande wa kanisa. Nilisahau hasira yangu. Niliiona barabara. Nilitaka kufika, nasema kweli, siku ile nilitaka kufika kumpita yeye.

Nikauliza, "Na mlangoni, nani atatupokea mzigo?"

Sikuuliza kwa ubaya. Niliuliza kama mwanamke yeyote anayepanga safari. Katika ukoo wetu mtu aliyetoka mbali hafungui mlango wake mwenyewe, hata akiwa na ufunguo. Mmoja wa nyumbani anakuja njiani kumpokea mzigo, anajitwika begani. Mwingine ametangulia, amewasha moto, anasubiri ndani. Msafiri anabisha hodi, anafunguliwa. Ukijifungulia mwenyewe, ni kama umeingia kwenye nyumba ya wafu. Mama mkwe alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Alphonse akitoka Goma kusahihisha mitihani, mama alisimama ndani nyuma ya mlango hata nusu saa, mkono kwenye kitasa.

"Mama," akasema Alphonse. Kisha akakumbuka kwamba mama alikuwa amefariki.

"Severin," akasema.

"Severin iko Kampala. Tutakuwa tumemuacha huko na batoto yake."

"Jirani. Mama Paskalia."

"Paskalia iko Canada, Baba Gaëlle. Alitupigia simu kwa Pasaka, umesahau?"

"Dada yako."

Hakulitaja jina. Dada yangu Maombi hatukupata hata kaburi lake. Niliona aibu imemshika pale pale, akanyoosha mkono juu ya meza, na mimi nikauacha mkono wake pale bila kuushika.

Akaendelea kutafuta. Aliwataja walimu wenzake. Mmoja alikuwa Nairobi, mwingine Ubelgiji, wa tatu hatujui. Alimtaja mzee aliyekuwa anatuletea maziwa, naye alikuwa mzee tangu wakati ule. Alitaja watu waliopanga nyumba yetu, ambao hatujawahi kuwaona sura. Alikuwa akitafuta kwa sauti, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kinande chetu, mtu mmoja tu wa kutoka mlangoni, na kila jina alilolishika lilikuwa limeshaondoka. Redio ilikuwa inasoma matokeo. Akainuka akaizima. Sikuwahi kumwona akiizima.

Hedvig alinyoosha mkono kuelekea kopo la unga.

"Kiache," Alphonse akamwambia. "Kiache kisikie. Tutafika, tutasimama nje na masanduku."

Sufuria ilikuwa inatokota na mimi sikuwa na nguvu ya kuishusha. Nilikuwa nimeshinda, kama huko ni kushinda, na nilitamani ningeshindwa.

Ndipo tukasikia ufunguo. Gaëlle aliingia na theluji kichwani, mfuko wa michezo begani, mkubwa kuliko mgongo wake, akajigonga kwenye masanduku kama kawaida, akatukana kama kawaida. Alphonse akaondoka mezani. Nilidhani anakwenda kumkemea. Alikwenda hadi korido, akamshika mtoto bega, akautoa ule mfuko taratibu, akauweka begani mwake mwenyewe.

"Pole na safari, mama," akamwambia.

"Jag har bara varit på träning," akasema Gaëlle. Nilikuwa mazoezini tu. Alimtazama baba yake kana kwamba anaumwa.

"Najua," akasema Alphonse. Akasimama pale na mfuko begani. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mama Gaëlle, hayo masomo yako yanaanza tarehe gani?"

Nikamwambia. Akasema ataikubali ile zamu ya asubuhi, ili awe nyumbani mtoto anapotoka shule. Alilisema kwa Kifaransa, *je prends l'équipe du matin*, nachukua zamu ya asubuhi, na Hedvig peke yake ndiye aliyeusikia ule wakati uliopo, maana niliona ameinamia maharage na mabega yanamtetemeka. Mimi nilisikia tu kwamba nakwenda shule. Nilikaa kwenye kiti nikalia bila kitunguu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Juvénal alikuja na mashine ya kutobolea ukuta, kaazima kwa jirani yake wa Spånga. Ukuta wa Rissne ni zege, hauheshimu nyundo. Wanaume wale wawili, mwalimu na karani, walitoboa matundu mengi kuliko picha tulizokuwa nazo. Kinasa sauti cha Hedvig kilikuwa nyuma ya kopo la unga na siku ile kilinasa makelele matupu. Picha ya harusi ilikaa upande, na upande imebaki. Koti la mama mkwe nililivaa mimi msimu ule wote wa baridi, nikienda shule. Alphonse mwenyewe ndiye aliyelitoa sandukuni na kunishikia mikono nivae.

Hakuacha kuitamani Butembo. Nisiseme uongo. Kuna siku alikaa dirishani akawa hayupo, na mimi nilijua yuko kwenye mpando gani. Lakini alianza kusema "nikienda kutembea", na mimi nikaanza kusema "twende wote." Hedvig alimaliza kitabu chake, akatuletea nakala, akaolewa, akahamia kaskazini. Mzee Juvénal alituacha mwaka 2009, kifua, na Jumamosi zikakosa mtu wa kubishana naye. Siku ya maziko yake nilipika sombe ya watu hamsini na hakuna aliyeisifu kama yeye.

Mwaka 2011 Alphonse alikwenda. Mimi sikuweza, nilikuwa nimeshaajiriwa kwenye nyumba ya wazee na likizo haikupatikana, na Gaëlle alikuwa na mitihani. Alikwenda peke yake na sanduku moja. Alipiga simu akiwa amefika, sauti yake ikiwa ndogo.

"Nani alikupokea mzigo?" nikamuuliza.

"Mtu wa chukudu," akasema. Chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. "Nilimlipa. Alikuwa mtu muzuri, alinipatia pole."

"Na mlango?"

"Wapangaji banafungua kila saa, bako nje, bako ndani, bana batoto mingi. Banaishi vizuri, Mama Gaëlle. Banapika. Bamegongomea picha yao ku ukuta ya sebule."

Alikaa huko siku zake. Alikwenda makaburini. Aliwaona wanafunzi wake wawili wa zamani, wenye mvi, wakasimama alipoingia. Halafu akapiga simu tena, asubuhi, mimi nikiwa nafunga viatu vya kazini, akasema kwa Kifaransa kile kile alichokuwa akikisema kwa miaka yote, *je rentre*. Ninarudi Alhamisi. Nilikaa kwenye kiti cha korido, mahali yalipokuwa yanasimama masanduku, nikamwambia sawa, nikakata simu haraka, nikamalizia kufunga viatu.

Alhamisi ile niliomba ruhusa ya kutoka mapema. Gaëlle alikwenda stesheni. Ni stesheni ya treni ya chini ya ardhi, ile yenye historia ya dunia imeandikwa ukutani kwa rangi, enzi baada ya enzi, na Alphonse alipenda kuisoma akisubiri treni ya asubuhi. Gaëlle alimngoja hapo, akampokea sanduku. Alinieleza baadaye kwamba baba hakukataa. Alimwachia, akatembea nyuma yake mikono mitupu kama mgeni.

Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimewasha majiko yote manne, moja lilikuwa halina kitu juu yake. Nilisikia lifti inafika. Nilisikia Gaëlle anashusha sanduku, na hatua zake, na hatua za Alphonse. Nikaenda nikasimama ndani nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa.

Ufunguo wa mlango ule Alphonse anautembeza na tasbihi yake, mfuko wa kulia wa koti, hausahau kamwe. Nilingoja.

"Hodi," akasema.